Panga la Mhina

Kila aliyeingia jikoni kwangu tangu nirudi aliuliza swali lile lile: Mama Shabani, hilo panga lililoning'inia juu ya mlango umelitoa wapi? Nikianza kueleza, maharage yanaungua, au mgeni mwingine anapiga hodi, na habari inakatika nikiwa bado sijavuka hata Korogwe. Matokeo yake kila mtu ana kipande chake. Kuna anayejua habari ya ng'ombe tu. Kuna anayejua ya mvua. Na kuna mmoja, simtaji, anayetangaza sokoni kwamba nilipigana na mashemeji mpaka nikawanyang'anya silaha. Sikupigana na mtu. Basi nimekaa nimeandika yote, toka mwanzo mpaka juzi, msomeane kwenye kikundi, na mkimaliza mniache nipike.

Mdogo wangu Zubeda ameolewa Sindeni, kule Handeni, na Mzigua mmoja mpole anayeitwa Rajabu. Shamba wanalolima ni la marehemu baba yake Rajabu. Kwa miaka mingi lilifyekwa, likachomwa moto, likapandwa mahindi, na kila mti uliothubutu kusimama ukaenda kwenye tanuri la mkaa. Udongo ukabaki mwekundu, mgumu kama sakafu. Mvua ikinyesha haiingii, inateleza, na mwisho ikachimba korongo katikati ya shamba ambalo sasa mbuzi akiingia humwoni. Rajabu akachoka. Akapata mahali kwenye pori la mbali, ndani huko, hakuna shule wala zahanati, akasema msimu mmoja tu zaidi, na mambo yakiwa vile vile wanahama wakafyeke upya.

Zubeda hakutaka kuhama. Misimu miwili alikuwa ameng'ang'ania jambo ambalo majirani walimcheka nalo. Chini ya lile shamba visiki vya migunga na mikwaju vilikuwa bado hai, na kila vilipochipua vilikatwa wakati wa kulima. Yeye akaviacha. Kila kisiki akabakiza machipukizi mawili matatu yenye nguvu na mengine akayapogoa. Mwaka huu yalimpita kimo, na mahindi yaliyoota karibu nayo yalikaa na ukijani wake wakati ya wenzake yamejikunja. Rajabu aliona, lakini kuona kwa mwanamume aliyekwisha kuamua. Ndipo Zubeda akanipigia simu. "Dada, wewe atakusikiliza," akasema. "Njoo umwambie, lakini umwambie mbele ya miti yenyewe."

Kushuka kutoka Bungu

Nilishuka na lori la kabichi. Mkononi nilikuwa na kapu la parachichi, na miguuni mzigo ninaojivunia: mashina ya majani ya guatemala, yale tunayopanda hapa kwenye kingo za matuta ili yashike udongo. Nilikuwa nimeyang'oa mwenyewe na mizizi yake, nikayafunga kwenye kiroba kilicholowana. Nilijiambia, kama huku milimani yameshika udongo ambao hata sisi wenyewe tunasimama juu yake kwa kubahatisha, kule tambarare yatafanya kazi huku yamelala.

Kabla hatujafika nusu ya mteremko tairi la nyuma likapasuka. Dereva akashuka kwa madaha, akatoa la akiba, nalo halina upepo. Akatutazama kama sisi ndio tuliounyonya. Basi tukakaa chini, abiria wote na kabichi, tukimsubiri mtu wa pikipiki aliyebebeshwa tairi kwenda kulijaza.

Pale ndipo nilipogeuzwa mganga. Kijana mmoja aliuliza mama unakwenda wapi, nikasema Handeni. Akakitazama kiroba, mizizi imechungulia nje, akasogea pembeni. Nanyi mnajua watu wanavyoisema Handeni kwa dawa zake. Haukupita muda bibi mmoja akaja kukaa karibu yangu, akanisalimia kwa adabu nyingi kupita umri wangu, akaninong'oneza habari za goti lake. Nikamwambia, bibi, haya ni majani ya kuzuia udongo usikimbie. Akatikisa kichwa kwa kuelewa kabisa, akasema ndiyo, hata goti lake linataka kuzuiwa. Nilishindwa. Nikamwambia akande kwa maji ya moto na asipande mlima na mzigo kichwani, akanishukuru, na alipokuwa anashuka akaniachia ndizi. Nilizila zote.

Tulifika Korogwe jua limekwisha kupinda, joto limetulia juu ya mji kama kifuniko cha sufuria.

Mnyuzi, ambayo haikuwa njiani

Mwenye akili angetoka Korogwe moja kwa moja kwenda Sindeni. Lakini Mnyuzi yupo shangazi yetu Fatuma, na mtu akijua umepita Korogwe bila kwenda kumsalimia shangazi, hiyo habari utaikuta hata msibani kwako. Zubeda naye alikuwa ametoka kwake kuja kunipokea hapo hapo, ili twende pamoja. Kwa hiyo nikapanda bodaboda upande usio wangu, tukazuiwa kwenye reli na treni ya mizigo iliyosimama tu katikati ya njia kana kwamba nayo imekuja kumsalimia mtu, na nilipofika kwa shangazi nilikuwa sina mwili.

Zubeda alinikumbatia mpaka kapu likamwagika. Amekonda. Lakini alipoanza kuzungumza juu ya miti yake nikamwona tena yule msichana niliyemlea. Alinieleza mmoja mmoja. Kuna mkwaju karibu na njia, huo ndio mkaidi, ulichelewa ukaja kuwashinda wote. Kuna migunga imekaa kwa mstari ukingoni mwa korongo, na chini yake majani yaliyooza yamefanya udongo kuwa mweusi kiganja kizima. Anasema siku moja alimkuta Rajabu amesimama pale anaufikicha ule udongo vidoleni. Alipomwona mkewe akaangusha.

Shangazi alitupikia wali na samaki wa mtoni, na mimi nikalala kama gunia. Asubuhi natoka nje kukilowesha kiroba changu, nakikuta kimekunjwa vizuri juu ya jiwe, kitupu. Ng'ombe wa shangazi amesimama anatafuna kwa utulivu, jani la mwisho linaning'inia mdomoni.

Shangazi alitoka amefurahi. Akasema nimejua kweli kumlea mzee, mtu kubeba majani kutoka milimani kwa ajili ya ng'ombe wake, maana alikuwa amelalamika kwenye simu kwamba malisho yamekauka. Mungu anizidishie. Nikamtazama Zubeda, Zubeda akatazama chini, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Ungesema nini hapo? Nikaitikia amina.

Ukweli shangazi aliujua baadaye, kwa Zubeda, na akaona haya sana. Hakukubali tuondoke mpaka atulipe. Akaenda kwa jirani mmoja mwenye makonge, akakaa huko nusu ya siku, akarudi na miche ya mkonge imefungwa kwa kamba, akasema hii ng'ombe hali na jua haliiwezi. Ndivyo tulivyolala Mnyuzi mara ya pili. Zubeda akapiga simu nyumbani kusema tumechelewa. Nilimsikia Rajabu akijibu kwa furaha kuwa hakuna neno, hata wao walikuwa bado hawajamaliza. Zubeda akauliza hawajamaliza nini. Rajabu akacheka, akasema utaona mwenyewe.

Korogwe hadi Sindeni

Barabara ya Handeni ni nzuri, siwezi kuisema. Nilichoweza kusema ni yale yaliyokuwa pembeni yake: viroba vya mkaa vimesimamishwa vikingoja wateja, na nyuma yake mashamba yamekwanguliwa, visiki vyeusi kila mahali. Tulipishana na vijana wa Kimasai wakivusha ng'ombe, na gari likasimama mpaka wa mwisho alipoamua. Vumbi liliingia likatuchagua nyuso. Mimi nimezoea ukungu, nikafunga mdomo, jambo ambalo Zubeda alisema hajaliona tangu azaliwe.

Njia nzima alikuwa anapanga. Tutafika mchana, tutakula, halafu jua likipungua tutakwenda shambani sote watatu, na mimi nisianze kusema mapema, nimwache Rajabu kwanza asimame kivulini. Nimsifu kidogo. Halafu ndipo niulize, kama mtu asiyejua: shemeji, kivuli kama hiki huko porini mtakipata lini? Tulilifanyia mazoezi swali hilo. Alinirekebisha sauti mara kadhaa, kwamba mimi nikiuliza swali naonekana nagombana.

Mgeni haonyeshwi pori

Hatukula. Tulipokaribia nyumba tulisikia vicheko shambani, na watoto wakaja mbio kutupokea mizigo, wakatuvuta huko huko. Kulikuwa na watu wengi, wanaume wenye mapanga, akina mama wenye ndoo za maji, na mbele yao amesimama kaka yake Rajabu, Mhina, mtu mrefu mwenye meno yaliyoachana, mikono ameitanua kunikaribisha.

Shamba lilikuwa jeupe. Hapakuwa na mti hata mmoja. Kila chipukizi limekatwa usawa wa udongo, matawi yamerundikwa mafungu mafungu juu ya visiki vyake, yameanza kukauka, na Rajabu ameshika kiberiti. Walikuwa wanatungoja sisi tu ili wawashe, tuone shamba linavyosafishwa kwa heshima ya mgeni.

"Karibu shemeji," Mhina akasema. "Huku ni tambarare, hulimi umejifunga kamba kiunoni usiporomoke kama huko kwenu."

Watu wakacheka. Lazima niwaeleze hapa wale wasiojua. Sisi Wasambaa na Wazigua ni watani. Mzigua anaweza kunitukania mlima wangu mbele ya watu nami nisikunje uso, na mimi naweza kuchukua kitu chake mchana kweupe naye asithubutu kukasirika. Akikasirika amejiaibisha yeye. Na ukiongeza kwamba huyu ni shemeji, basi hapo hakuna mpaka tena.

Lakini mimi sikucheka, maana nilikuwa namtazama Zubeda. Alikwenda mpaka pale ulipokuwa mkwaju wake mkaidi, akakaa chini kwenye lundo la matawi, akajifunika uso kwa kanga. Hakulia kwa sauti. Vicheko vikakatika kimoja kimoja.

Mhina alichanganyikiwa kweli. Akaanza kunieleza kwa sauti ya chini, utani umemtoka. Kwao mgeni wa heshima hukutanishwa na shamba safi, hasa mgeni wa upande wa mke. Shamba lenye vichaka huambiwa ni la mwanamke mvivu. Amewasikia watu wakimsema Zubeda kwa sababu ya vile vichaka, akaona haiwezekani dada mkubwa atoke Bungu aje aone aibu ile, basi akawakusanya wenzake wakafanya kazi siku zote ambazo sisi tulikuwa Mnyuzi. Alitaka nimkute mdogo wangu na heshima yake. Niliona wazi kuwa anasema kweli, na hilo lilinikera zaidi, kwa sababu mtu mbaya ungemjua la kumfanya.

Rajabu hakujitetea. Alisogea, kiberiti mkononi, akasema maneno ambayo hayakuwa na utani.

"Dada, nilikuwa nangoja uione miti ndiyo niamue, lakini kaka alipoitaja heshima yako nikamwachia akate. Sasa haipo. Labda ndivyo ilivyoandikwa. Tuchome, tupande msimu huu wa mwisho, halafu twende."

Mazoezi yetu yote ya lile swali la kivuli yalikwisha hapo. Hasira ilinipanda mpaka masikioni, nikahisi nitamwaga maneno ambayo Zubeda angekuja kuyafagia mwaka mzima. Nikashusha pumzi. Nikamgeukia Mhina, nikamwomba nilione panga lake. Akanipa, na bila shaka alidhani nataka kulisifia makali. Nikainama kwenye kisiki cha karibu, nikaondoa matawi, nikachuna gome kwa ncha ya panga. Chini yake palikuwa pabichi, kijani, pana maji.

"Shemeji Rajabu, tazama," nikasema. "Miti imekatwa, haijafa. Itakufa ukiwasha hicho kiberiti. Kitie mfukoni. Nipe masika haya tu. Visiki visipochipua, nitarudi mwenyewe niwafungie mizigo ya kuhama, na mdogo wangu sitamwacha aseme neno."

Zubeda aliinua uso akanitazama kana kwamba nimemuuza. Labda nilikuwa nimemuuza. Lakini sikuwa na kingine cha kuweka mezani.

Rajabu aligusa pale pabichi kwa kidole. Halafu akakitia kiberiti mfukoni.

Hapo ndipo pumzi ilinirudi, na ulimi nao. Nikalifunga lile panga ndani ya kanga yangu ya pili, nikaliweka kwapani. Nikamwambia Mhina, mtani wangu, panga lako nimelichukua. Litakaa Bungu mpaka machipukizi ya visiki hivi yanifike kiunoni, na mimi unaniona, si mfupi. Na hiyo ni nusu ya faini. Nusu nyingine ni majembe yenu wote mliokata, kesho asubuhi, hapa.

Mhina alilitazama kwapa langu, akawatazama wenzake, akajua amekamatika. "Wasambaa ni wezi tangu zamani," akasema taratibu, na watu wakaanza kucheka tena, hata Zubeda.

Siku ya jembe

Mnaujua ule usemi, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa siku ya kwanza, na kwa mdomo wangu mwenyewe.

Usiku ule nilikula bada, ugali wa muhogo, kwa mboga ya mchunga. Mchunga ni mchungu kama jina lake. Bada inavutika, ukiikata inakufuata, na watoto wa Zubeda waliacha kula ili wanitazame. Baadaye nikauliza choo. Heri nisingeuliza. Choo kimeinama upande mmoja, mlango ni kiroba, na nguzo moja imekatika ikashikiliwa na kamba. Zubeda aliniambia kinakaribia kujaa, na kila akimwambia Rajabu achimbe kingine, jibu ni moja: choo cha nini, si tunahama? Niliingia nikiomba dua, nikatoka nikishukuru.

Asubuhi Mhina alikuwa wa kwanza kufika, kabla hata chai haijachemka. Sikumwambia kitu, nikampa kikombe. Wengine wakaja nyuma, na wake zao, na wengine ambao hawakukata hata tawi lakini walitaka kumwona Msambaa anavyolimisha watu.

Nilikata fito tatu nikazifunga kama tunavyofunga hapa kwetu, miguu miwili na upau katikati, kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka juu. Jiwe likitulia katikati ya upau, miguu yote miwili iko usawa mmoja, na pale unatia alama. Mhina alisema huo ni uganga wa wazi na mimi niache kumdanganya bibi wa goti, maana Zubeda alikuwa ameshamsimulia. Lakini alama zilipoanza kwenda zikipinda shambani, hazifuati njia wala mpaka, ila zinafuata mahali maji yangetaka kukaa, aliacha utani akaja kushika mguu wa pili wa fito. Tukapima naye mpaka mwisho.

Tukachimba makinga maji kufuata zile alama, udongo tukiutupa upande wa juu. Ardhi ilikuwa ngumu ajabu. Jembe linapiga linarudi. Wakaanza kuimba kwa Kizigua, na kila niliposikia jina la Bungu likifuatiwa na kicheko nilijua ninasemwa, nikawajibu kwa Kisambaa yaliyo mabaya zaidi. Yale matawi waliyoyakata hatukuyatupa. Tuliyashindilia kwenye korongo, kwa kukingama, tukayabana kwa vigingi na mawe, ili maji yakija yajikwae, yaache udongo yaliouiba. Juu ya korongo tukapanda mkonge wa shangazi. Zubeda alikuwa anatembea kisiki hadi kisiki akiondoa matawi, na kila kisiki alikizungushia mawe ili jembe lisikiguse.

Rajabu alichimba kama wengine. Hakuimba. Hakusema chochote juu ya pori lake.

Nilikuwa nimefika siku za mwisho za kiangazi, na mvua ya kwanza ilikuja kabla sijaondoka, alasiri, kwa kishindo, ile mvua ya huko inayokuja yote kwa pamoja. Tulikimbilia barazani. Nikaona maji mekundu yakishuka kutoka upande wa barabara kama kawaida yao, yakiwa na haraka, nami nikawaza, kama makinga yangepasuka yote basi nimewachosha watu bure na maneno yangu nimeyala. Yalifika kinga la kwanza. Yakajaa. Yakakaa pale, mekundu, yametulia. Kisha yakaanza kuvuja sehemu moja, karibu na korongo, na kabla sijasema neno Rajabu alikuwa ameshachukua jembe ametoka mvuani. Tulimwona akichota udongo, akiziba, akikanyaga, akiziba tena. Alibaki huko mpaka mvua ilipopungua.

Aliporudi alikuwa amelowa mpaka kope. Alikaa kizingitini, akasema, bila kumtazama mtu, "Yamesimama." Zubeda akampa kanga ajifute.

Niliondoka visiki vikiwa vile vile, vimelala kimya ndani ya mawe yake. Kila asubuhi nilikwenda kuvichungulia na sikuona hata nukta ya kijani. Sitawadanganya, niliogopa.

Kurudi

Safari ya kurudi ilikuwa fupi ila kwa panga. Kondakta wa gari la Korogwe aliliona limechomoza kwenye kanga, akakataa nisipande. Akasema mama mtu mzima na panga, ndani ya gari la watu, ana nia gani. Nikamweleza ni la utani. Akasema utani gani wa panga. Nikaanza mwanzo, na abiria wakaanza kulalamika wanachelewa, mpaka mzee mmoja aliyekaa dirishani akauliza limechukuliwa kwa nani. Nikasema kwa Mhina wa Sindeni. Akauliza, yeye Mzigua, wewe Msambaa? Nikasema ndiyo. Basi yule mzee akamwambia kondakta mwache apande, huyo amelipata kihalali, na sisi tukimzuia tutaletewa deni lingine. Wakalifunga kwa gazeti na kamba, nikakaa nalo magotini mpaka mwisho kama mtoto mchanga.

Nilipofika nililitundika juu ya mlango wa jikoni. Ndipo maswali yenu yakaanza. Mimi nacheka, nasema ni hadithi ndefu, lakini kila nilipolitazama nilikuwa namwona Zubeda akinitazama vile, kwamba nimemuuza. Kwenye simu nilikuwa naogopa kuuliza habari za visiki. Naye, ambaye hujaza simu kwa maneno, alikuwa ananieleza habari za watoto na za mvua, basi. Nikajua hataki kuniambia. Nikaanza hata kuwaza nitamwomba nani lori la kuwahamisha.

Juzi

Juzi asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, nikasikia hodi ya mtu anayetetemeka. Nikafungua. Amesimama Mhina, amevaa makoti mawili, meno yanagongana. Kitu cha kwanza alichosema si shikamoo wala habari. Alisema sasa ameelewa kwa nini Wasambaa ni wezi, kwenye baridi hii mtu angeiba hata moto.

Nikamweka karibu na mafiga, nikampa chai ya tangawizi. Nilitaka kuuliza, nikachochea moto badala yake. Yeye akalitazama panga lake pale juu, akatabasamu, akatia mkono mfukoni akatoa kamba ya katani iliyokunjwa. Akasema nilitaka kukuletea tawi ulione kwa macho yako, lakini ningelikata kwa nini, na panga unalo wewe? Na hata ningekuwa nalo, mdogo wako angenikata mimi. Basi nimekuletea kipimo.

Akanisimamisha, akabana ncha moja ya kamba chini ya kiatu changu, akaivuta juu. Kulikuwa na fundo, nalo likaja likakaa kiunoni pangu sawasawa. Zubeda ndiye aliyelifunga, alisema, kimo cha dada yake anakijua kwa kichwa. Lakini kamba haikuishia hapo. Mhina aliendelea kuivuta, ikapita kifua, na ncha ya pili ikanigusa bega.

"Huo ndio mkwaju wa njiani," akasema. "Uliochelewa."

Nilikaa chini. Nikamuuliza mbona Zubeda hakuniambia miezi yote hii. Akasema mkewe Rajabu aliapa kwamba habari hiyo hataileta kwa simu, lazima iletwe na aliyekata. Nikauliza tena, polepole maana jibu lake ndilo nililokuwa naliogopa: na Rajabu je, lile pori lake, wanahama lini?

Mhina akapuliza chai yake, akanywa kwanza.

"Rajabu nimemwacha anachimba choo," akasema. "Amefika shingoni."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Kisha nikapanda kwenye kigoda, nikalishusha lile panga, nikampa mwenyewe.